Sarafu Yenye Kosa: Je, Kosa Laweza Kuwa na Thamani?

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa kipimo hicho, kitu kilichoharibika mikononi mwa fundi chapaswa kushuka bei. Chungu chenye ufa huuzwa kwa nusu ya bei ya chungu kizima, na kanzu yenye mkono mmoja mrefu kuliko wa pili humrudia mshonaji. Lakini liko soko moja duniani ambalo, kwa mtazamo wa kwanza, laipindua hukumu hiyo ya wahenga, nalo ni soko la wakusanyaji wa sarafu. Humo, sarafu iliyopigwa sawasawa kama ilivyokusudiwa aghalabu haizidi bei iliyoandikwa juu yake; ilhali nyingine ya mwaka uo huo, iliyotoka kiwandani na kosa, hugombewa kwa mamia na hata kwa maelfu ya dola.

Jambo hili si la kustaajabisha tu. Latuhusu sisi walimu wa lugha kwa karibu sana. Kazi yetu ya kila siku ni kuyasaka makosa, kuyapigia mstari na kuyaondoa. Tukisikia kwamba yako mahali ambapo kosa hutunzwa katika kisanduku chenye kufuli, yatupasa tusimame kidogo na kuuliza: Je, kosa laweza kuwa na thamani? Na ikiwa laweza, thamani hiyo yatoka wapi? Katika makala haya twapenda kulichungua swali hilo kwa kuzifuata sarafu zenyewe, kisha tuone zatufunza nini.

Kwanza yafaa tueleze jinsi sarafu inavyozaliwa. Kiwandani huandaliwa vipande vya madini, vya mviringo, visivyo na alama yoyote. Kila kipande huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu. Mmoja umechongwa picha ya upande wa mbele, wa pili picha ya upande wa nyuma. Mashine huibana mihuri hiyo kwa nguvu nyingi, na kwa mpigo mmoja kipande kitupu hugeuka sarafu. Muhuri mmoja huweza kupiga sarafu maelfu kwa maelfu kabla haujachakaa.

Basi kosa lina milango mitatu ya kuingilia. Laweza kuingia katika kipande, kama vile madini yasiyokusudiwa yanapotumika. Laweza kuingia katika mpigo, kama vile kipande kinapokaa upande, hata picha ikakatika. Na laweza kuingia katika muhuri wenyewe. Kosa la kipande na kosa la mpigo kwa kawaida ni la sarafu moja moja. Lakini kosa la muhuri hurithiwa na kila sarafu iliyopita chini yake.

Mfano mashuhuri wa kosa la muhuri ni senti ya Marekani ya mwaka 1955, yenye sura ya Rais Abraham Lincoln. Siku zile muhuri ulipata picha yake kwa kugandamizwa zaidi ya mara moja na muhuri mwingine ulio mama yake. Katika kiwanda cha Philadelphia muhuri mmoja uligandamizwa mara ya pili ukiwa umezunguka kidogo tu kutoka mahali pake, hata tarakimu za mwaka na maneno yaliyouzunguka uso wa Lincoln yakaonekana mawili mawili. Kosa lilipogunduliwa, sarafu hizo zilikuwa zimekwisha changanyika na nyingine nyingi zilizo njema. Wakubwa wa kiwanda wakapima: ama kuiyeyusha shehena yote, njema na mbaya pamoja, ama kuziachilia ziende zake. Wakaziachilia. Zaidi ya senti 20,000 zenye maandishi ya pacha zikaingia mikononi mwa watu, na leo hii moja yake iliyo katika hali nzuri huuzwa kwa zaidi ya dola elfu moja.

Mtu atasema: Haya, thamani hiyo yaletwa na kosa. La, tusiharakishe kuhukumu. Mwaka uo huo wa 1955 zilipigwa senti nyingine ambazo tarakimu ya mwisho ya mwaka yaonekana kama ina kivuli, kwa sababu tu muhuri ulikuwa umechakaa. Kasoro ni kasoro, na kwa jicho la haraka zafanana. Lakini hizi za pili bei yake ni ndogo mno, na wakusanyaji huzitania kuwa ni makosa ya maskini. Vilevile sarafu iliyotoboliwa na mwenyewe ili aivae shingoni, au iliyopondwa na gurudumu la gari, haiongezeki thamani hata kidogo, ijapokuwa sura yake imeharibika kupita zote. Kumbe si kila ubovu unaotafutwa. Lazima yawepo masharti, nasi twayaona kuwa ni matatu.

Sharti la kwanza ni uadimu. Waswahili husema kwamba kutenda kosa si kosa. Kosa ni kurudia kosa. Msemo huu, ambao sisi huutumia kuwaonya watoto, ni kanuni ya soko la sarafu pia. Mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Marekani ilihitaji shaba kwa ajili ya silaha, ikapiga senti zake kwa chuma cha pua kilichopakwa zinki. Vipande vichache mno vya shaba vilivyosalia vikapita chini ya mihuri ya mwaka huo. Kijana mmoja wa shule huko Massachusetts aliipata senti moja ya namna hiyo mwaka 1947, katika chenji aliyorudishiwa penye chumba cha kulia cha shule yake, akaitunza maisha yake yote. Mwezi Januari 2019 senti hiyo iliuzwa mnadani kwa dola 204,000.

Sasa tuilinganishe na kisa cha Australia, ambacho si cha sarafu bali cha noti, lakini chaonyesha kanuni ile ile. Noti mpya ya dola 50 iliyotolewa mwaka 2018 ilikuwa na maandishi madogo mno, ambamo neno la Kiingereza lenye maana ya wajibu lilikosewa tahajia kwa kuachwa herufi moja. Kosa lilipojulikana kwa wote, mwezi Mei 2019, noti zipatazo milioni 46 zilikuwa zimekwisha ingia mikononi mwa watu. Watu walicheka, hasa kwa kuwa ni neno wajibu lenyewe lililokosewa; lakini kitu ambacho kila mtu anacho mfukoni hakiwezi kuitwa hazina. Kosa lililorudiwa mara milioni 46 si johari. Ni uzembe uliopata makazi.

Hapa ndipo siri ya kwanza inapofichuka. Senti ya shaba ya mwaka 1943 ina thamani kwa sababu senti nyingine zote za mwaka ule zilikuwa za chuma, kama ilivyoamriwa. Lau viwanda vya Marekani vingalikuwa na desturi ya kutumia madini yoyote yaliyopatikana, pasingekuwapo mtu wa kuitazama senti ile mara ya pili. Kwa hiyo thamani ya kosa si mali ya kosa lenyewe. Ni mkopo uliotolewa na maelfu ya sarafu sahihi, ambazo hakuna anayezisifu. Pasipo uaminifu wa walio wengi, upekee wa yule mmoja haupo.

Sharti la pili ni kuwapo kwa mtu anayejua. Nchini Chile sarafu za peso 50 za mwaka 2008 zilitoka kiwandani zikiwa na jina la nchi lililoandikwa CHIIE badala ya CHILE. Ni jina la taifa lenyewe, nalo liko juu ya sarafu ambayo watu huishika kila siku. Hata hivyo zilipita kutoka mkono hadi mkono, na ilikuwa mwishoni mwa mwaka 2009 ndipo kosa likajulikana. Maadamu hakuna aliyesoma, hapakuwa na kosa machoni pa watu. Kulikuwa na peso 50 tu. Siku alipotokea mwenye kusoma, sarafu ile ile ikawa kitu kingine.

Uingereza nayo ina kisa kama hicho. Mwaka 2008 kiwanda cha Royal Mint kilibadili picha za sarafu zake, na katika ile ya peni 20 tarakimu za mwaka zikahamishwa kutoka upande wa nyuma kwenda upande wenye sura ya Malkia. Mafundi wakaoanisha muhuri mpya wa nyuma na muhuri wa zamani wa mbele. Mwaka ukawa haumo upande wowote. Ilikuwa mara ya kwanza kwa zaidi ya miaka 300 sarafu ya Uingereza kuingia sokoni bila mwaka. Walioipata na kujua walichokipata waliweza kuiuza kwa pauni zipatazo 50, yaani mara 250 ya bei yake. Waliokuwa nayo pasipo kujua walinunulia peremende.

Wala tusidhani kwamba ndoa za namna hiyo za mihuri isiyooana hazikuwahi kuzigusa sarafu zetu. Wazee wetu watakumbuka senti zenye tundu katikati za Afrika ya Mashariki zilizopigwa zamani za ukoloni. Miongoni mwa sarafu za mwaka 1936, mwaka ambao Edward wa Nane alitawala na kujiuzulu, zipo chache ambazo upande mmoja ni wa senti kumi ya Afrika ya Mashariki na wa pili ni wa peni ya makoloni ya Kiingereza ya Afrika ya Magharibi. Sarafu ya namna hiyo haina nchi, wala haina bei inayoeleweka. Lakini mkusanyaji huithamini kuliko jozi nzima ya wazazi wake. Nani angelitambua hilo isipokuwa yule anayezijua vema sarafu za pande zote mbili? Basi mwenye kuufahamu usahihi ndiye pekee anayeweza kuliona kosa na kulipa heshima yake.

Sharti la tatu ndilo zito kupita yote, nalo ni uaminifu. Mwaka 1937, katika kiwanda cha Denver huko Marekani, fundi mmoja aliusugua muhuri wa sarafu ya senti tano yenye picha ya nyati ili aondoe mikwaruzo. Akausugua mno, na mguu mmoja wa mbele wa nyati ukafutika. Sarafu ya nyati wa miguu mitatu ikawa mashuhuri, na bei yake ikapanda. Wajanja walipoona hivyo wakachukua sarafu za kawaida za mwaka ule wakaukwangua mguu wa nne. Hali kadhalika wako walioipaka shaba senti ya chuma ya mwaka 1943. Ndiyo maana mnunuzi mwenye hekima huiendea senti hiyo na sumaku mkononi, kwa kuwa chuma hunaswa na sumaku, na shaba hainaswi.

Tuseme sasa sarafu mbili za nyati ziko mezani, zote zina miguu mitatu. Moja iliupoteza mguu wake kiwandani, kwa mkono wa fundi aliyekuwa akijitahidi kutengeneza. Nyingine iliupoteza chumbani mwa laghai. Kwa macho zaweza kufanana sana. Lakini ya kwanza yathaminiwa na ya pili yatupwa, na aliyeiuza aitwa mwizi. Ni nini basi kinachonunuliwa hapo? Si mguu uliokosekana, maana mguu umekosekana pote pawili. Kinachonunuliwa ni habari ya kweli ya jinsi kazi ya binadamu ilivyokwenda kombo pasipo kusudi. Kosa la kweli ni ushahidi. Kosa la kutengenezwa ni uongo. Hata mwaka 2004, zilipoonekana sarafu za robo dola za jimbo la Wisconsin zikiwa na jani moja la ziada katika picha ya bua la hindi, watu walibishana sana kama jani lile liliingia kwa ajali au kwa mkono wa mtu aliyefanya mzaha. Ubishi huo wenyewe watosha kuonyesha kwamba hata sokoni, mahali tunapodhani kuwa fedha ndiyo hakimu, watu huuliza juu ya nia.

Tukifika hapa yatupasa tutenganishe maneno mawili ambayo soko hupenda kuyachanganya: bei na ubora. Mwaka 2013 Benki Kuu ya Ireland ilitoa sarafu ya fedha kumkumbuka mwandishi James Joyce, ikachora juu yake maneno kutoka kitabu chake Ulysses. Bahati mbaya likaingizwa neno moja ambalo mwandishi hakuliandika. Benki ilikiri kosa, ikawaahidi wanunuzi kurudishiwa fedha zao wakitaka. Hata hivyo sarafu zote 10,000 zilinunuliwa. Lakini je, kununuliwa huko kuliifanya nukuu iwe sahihi? Hata kidogo. Sarafu ilipata wanunuzi, na Joyce akabaki amenukuliwa vibaya. Kitu kuwa adimu ni jambo moja, na kitu kuwa chema ni jambo jingine. Soko hulipa uadimu, lakini haliwezi kuugeuza kuwa wema.

Tena tusisahau kwamba anayefaidi kosa si yule aliyelitenda. Huko Chile mkuu wa kiwanda cha sarafu alipoteza kazi yake mwaka 2010, wakati wakusanyaji walikuwa wakizitafuta sarafu za CHIIE kwa furaha. Hatusemi kwamba hao wakusanyaji walifanya dhambi. Hawakumsukuma mtu akosee. Lakini ni vema mwenye kuishika sarafu hiyo akumbuke kwamba furaha yake ina upande wa pili, kama kila sarafu ilivyo na pande mbili, na kwamba upande huo wa pili umepigwa fadhaa ya mtu mwingine.

Je, sisi walimu wa Kiswahili katika nchi hizi jirani twachukua nini kutoka katika soko hili? Twaona mafunzo matatu.

La kwanza ni kwamba tusilipambe kosa. Siku hizi wako wanaosema kwamba kila kosa la mwanafunzi ni ubunifu, na kwamba mwalimu anayesahihisha anaua kipaji. Hao wameiona bei ya senti ya shaba, lakini hawakuziona senti za chuma zilizoikopesha. Mshairi akivunja kanuni ya lugha kwa makusudi na ujuzi, twaitambua ladha yake kwa kuwa kanuni ipo na twaijua. Darasa ambalo kila mtu aandika apendavyo halina washairi. Lina noti milioni 46 zenye kosa moja. Kufundisha usahihi, basi, si uadui dhidi ya upekee. Ndiko kuutayarishia upekee mahali pa kuonekana.

La pili ni kwamba tusiite kosa kile ambacho ni sarafu ya kiwanda kingine. Kiswahili cha Lubumbashi au cha Bujumbura kina desturi zake, zinazorudiwa na watu wengi, na kila mmoja wao amwelewa mwenziwe. Peso si shilingi iliyokosewa, ni peso. Mwalimu ana haki, tena ana wajibu, wa kumwambia mwanafunzi wake kwamba katika mtihani na katika kitabu sarafu inayopokelewa ni ile ya Kiswahili sanifu. Lakini hana haki ya kumfanya mtoto aamini kwamba lugha aliyoisikia kwa mama yake ni uchafu uliodondoka kutoka mashinani. Asiyejua kutofautisha kosa na desturi hajawa mjuzi wa sarafu bado.

La tatu latugusa wenyewe. Tulisema kwamba kosa la kipande ni la sarafu moja, bali kosa la muhuri ni la maelfu. Mwanafunzi ni kipande. Akikosea, amekosea katika daftari lake peke yake, nalo kosa hilo laweza kufutwa jioni ile ile. Mwalimu ni muhuri. Akisimama ubaoni na upatanisho mbovu wa ngeli, upatanisho huo utaingia katika madaftari hamsini, nayo madaftari hayo yatasomwa na wadogo zao nyumbani, na miaka kumi baadaye mmoja wao atasimama ubaoni naye. Wala hakuna mkusanyaji atakayekuja kuyanunua. Ndiyo maana mwalimu anayefungua kamusi kabla ya kuingia darasani hapotezi muda. Anautazama muhuri kabla ya mpigo wa kwanza.

Hata hivyo mfano wa sarafu una mpaka wake, nasi tungetenda vibaya tusipoutaja. Sarafu ikishapigwa imekwisha, haiwezi kujifunza. Senti ya mwaka 1955 itabaki na maandishi yake ya pacha hadi itakapoyeyushwa, na uthabiti huo ndio unaoipa bei. Mtoto hayuko hivyo. Thamani yake haikutokana na usahihi wake, wala haiongezwi na kosa lake. Alikuja nayo darasani. Kosa la sarafu hutunzwa kwa sababu haliwezi kusahihishwa. Kosa la mtoto husahihishwa kwa sababu yeye ana thamani kuliko kosa lake.

Kwa hiyo jibu letu kwa swali tuliloanza nalo ni hili: kosa laweza kuwa na bei, na bei hiyo hukopwa kutoka kwa wingi wa kazi sahihi, kutoka kwa jicho la anayejua, na kutoka kwa ukweli wa aliyekosea pasipo hila. Vitu hivyo vitatu ndivyo vyenye thamani. Wakusanyaji waendelee kuzitunza senti zao za pacha na nyati wao wa miguu mitatu. Sisi, ndugu walimu, tuvitunze vile vitatu, kwa maana palipo navyo hata kosa hupata maana, na pasipo navyo hata sarafu isiyo na ila ni kipande cha chuma tu.